Ukurasa wa Kumi na Nne

Liao Hsiu-chuan aliwadharau madaktari kumi na saba, kila mmoja kwa sababu yake, na sababu zote alikuwa nazo kichwani. Huyu hajui kufungua faili mpaka amwite mtu. Yule anavaa koti jeupe hata akienda kula tambi kibandani, ili muuzaji amwite daktari mbele za watu. Lakini hao walikuwa vifaranga tu. Dharau yake iliyonona, aliyoilisha asubuhi na jioni, alimwekea Profesa Tseng Po-hung, mkuu wa kitengo cha magonjwa adimu ya kurithi. Na niseme mapema kabisa, hakumwonea. Mtu yule alistahili.

Hospitali yenyewe ilikuwa Taichung, mji wa kisiwani, kubwa, yenye maua ya plastiki kwenye lifti. Ofisi ya Hsiu-chuan ilikuwa chini ya ardhi, baina ya chumba cha kufulia mashuka na stoo ya magodoro. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Zamani alikuwa akipiga hesabu za mishahara kwa kompyuta katika kiwanda cha viatu, jioni akisoma shule ya usiku, na kiwanda kilipohamia bara ng'ambo ya mlango wa bahari, mwenyewe hakuhama. Akaja hospitali. Miaka kumi na minane sasa kazi yake ilikuwa moja: mtoto akiletwa ana ugonjwa usiojulikana jina, damu yake inasomwa na mashine, herufi zote za urithi wake, nakala moja ya baba na nakala moja ya mama, bilioni tatu kila nakala. Herufi hizo zinateremka kwa Hsiu-chuan. Yeye anazipanga, anazilinganisha na za watu wazima wa afya, anatafuta palipoharibika. Programu nusu aliziandika mwenyewe. Huko juu madaktari waliiita kazi hiyo "kubonyeza".

"Dada Liao, tubonyezee huyu upesi," wangesema kwenye simu.

"Nabonyeza," angejibu, na akishakata simu anasonya.

Mwezi wa tatu yaliletwa mafaili ya mtoto mmoja wa kike, Ke Lo-yi, ambaye kwao wanamwita Lolo, miaka mitano, kutoka pwani ya Yunlin kwenye mabwawa ya chaza. Mikono ilikuwa inalegea. Kijiko kinamponyoka, kifungo cha shati kinamshinda. Masikio yalikuwa mazima, pumzi nzuri. Kwenye fomu ya familia palikuwa na swali: wazazi wana undugu wa damu? Kisanduku cha "hapana" kilitiwa alama, na chini yake umegongwa muhuri mwekundu wa Profesa Tseng. Hakuwauliza wazazi. Ya nini kuuliza? Baba anaitwa Ke, mama anaitwa Ting, na watu wa kule hata wa jina moja la ukoo hawaoani. Mtu akiona majina mawili tofauti anaona damu mbili tofauti. Ndivyo alivyosoma Profesa, pamoja na shahada zake tatu.

Hsiu-chuan akaendesha programu zake, na jioni ya tarehe kumi na moja akaona jambo. Nakala ya baba na nakala ya mama kwa mtu yeyote hutofautiana hapa na pale. Za Lolo zilikuwa na vipande virefu ambavyo havikutofautiana hata kwa herufi moja, kama mashati mawili yaliyokatwa kwenye jora moja. Akavijumlisha. Sehemu moja katika kumi na sita. Hesabu hiyo aliijua vizuri, ni ya mtoto ambaye wazazi wake ni watoto wa ndugu wa tumbo moja. Na ndani ya kipande kimojawapo palikuwa na pengo. Herufi mia mbili na kitu hazipo, wala kwenye nakala ya baba wala ya mama. Pengo lilikaa katikati ya jeni inayotengeneza mlango wa kuingizia vitamini B2 kwenye mishipa ya fahamu. Mlango usipokuwepo mishipa inakufa njaa. Mikono inalegea, masikio yanaziba, mwisho pumzi. Na dawa yake, bwana wee, ni vitamini ile ile, nyingi, ya njano, ilazimishe kupita madirishani. Ikiwahi inaponya. Ikichelewa, kilichokufa kimekufa.

Kesho yake akapanda kwenye mkutano na karatasi zake.

"Profesa, wazazi wa mtoto huyu ni ndugu."

"Nani kakwambia?"

"Herufi zake."

"Ke na Ting?" Profesa akacheka, na waliokuwepo wakamfuatisha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao kubwa. "Haya, endelea."

"Na hapa pana kipande kimepotea."

"Kimepotea, au mashine yako haikukisoma?"

"Kushoto kwake imesoma vizuri, kulia kwake imesoma vizuri. Imeruka hapo tu."

Profesa akaegemea kiti. "Dada Liao, hebu niambie. Ule mfuko juu ya mashine tarehe yake inasemaje?"

Mfuko! Kila mwenye mashine kisiwani kule, awe wa benki au wa treni, huweka juu ya mashine yake mfuko wa kijani wa vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ambavyo jina lake ni kama kumwambia mtoto "tulia, uwe mwema". Uwe wa kijani, usifunguliwe, usipitwe na tarehe. Ukipitwa, mashine inanuna. Mafundi wanacheka wakisema hivyo, na wanautazama mfuko kila mwisho wa mwezi.

"Imepita," Hsiu-chuan akasema, maana hakuwa mwongo. "Mwezi wa pili."

"Ndiyo hiyo!" Profesa akapiga meza. "Mashine imenuna! Mtu anakula chakula kilichochina, utategemea asome vizuri?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja akafuta machozi kwa tai. Watu wenye miwani, waliosoma ng'ambo, wanalifuta pengo kwenye mwili wa mtoto kwa tarehe ya mfuko wa bisi! Debe tupu halikomi kuvuma, na pale yalikuwa madebe kumi na saba.

"Kanunue mwingine," Profesa akasema, "kisha utuletee orodha ya kawaida. Magonjwa tuachie sisi."

Hsiu-chuan akashuka. Masikio yalimwaka moto. Akanunua mfuko mpya, akauweka juu ya mashine, akaketi kuandika ripoti. Ukurasa wa kwanza akaandika walichotaka: hakuna kilichopatikana. Undugu wa wazazi, pengo, jina la ugonjwa, jina la vitamini, yote hayo akayaandika sawasawa, bila kuruka kitu, kwenye ukurasa wa kumi na nne, katika viambatisho, kwa herufi ndogo. Alijua Profesa hasomi zaidi ya ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana aliyaweka pale.

"Akisoma, asome," alijisemea. "Asiposoma, shauri yake."

Alifurahi, nisifiche. Alikwenda nyumbani akakaanga tango chungu na mayai akala vizuri. Siku moja, alifikiri, mtu wa maana atalifungua faili hili, aone nani alijua na nani alikuwa bwege. Akawa anaingoja siku hiyo kama watu wangojeavyo mwaka mpya. Mwezi wa nne ukapita. Wa tano. Wa sita.

Mwezi wa saba, siku ya Jumanne, alikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, na mbele yake muuguzi wa ghorofa ya saba anamsimulia mwenzake.

"Yule mtoto wa Yunlin, wa mikono. Lolo. Tangu juzi yuko kwenye mashine ya kupumulia."

"Masikini! Si ndiye aliyekuwa anaimba?"

"Kuimba kuliisha zamani. Masikio yamekufa mwezi wa tano. Yote mawili."

Hsiu-chuan alikuwa amedokoa kipande cha nyama kwenye sahani yake, kiko mdomoni. Akakitema kwenye kiganja.

"Una nini, Dada Liao? Mfupa?"

Aliacha sahani kwenye kaunta na kwenda moja kwa moja ghorofa ya kumi, akaingia kwa Profesa bila kubisha hodi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane akampigia kelele.

"Ukurasa wa kumi na nne! Fungua!"

Profesa alifungua kwa kushtuka tu. Alisoma. Alisoma tena. Rangi ilimtoka, kisha ikarudi, na iliporudi ikaja na ujanja.

"Vitamini," akasema. "Unataka nimpe mtoto mahututi vitamini, kama mganga wa soko la usiku?"

"Haina madhara. Bei yake haifiki sahani ya wali. Ikishindwa, hujapoteza kitu."

"Na fomu? Muhuri wangu upo pale. Nikimtibu kwa ugonjwa huu, nakiri kwamba niliandika uongo."

"Mtoto anakufa, Profesa."

"Kwa hiyo familia iseme yenyewe, kwa maandishi, kwamba ni ndugu na walificha. Hapo nitabadilisha. Kosa litakuwa lao." Akafunga faili taratibu. "Tukipima damu ya wazazi, majibu ni wiki tatu."

"Hana wiki tatu."

"Basi kawaulize."

Mungu amlaani, lakini alikuwa na muhuri. Hsiu-chuan hakuwa daktari. Chochote atakachonunua dukani hakitapita kwenye mpira wa puani wa mtoto yule bila muhuri ule mwekundu, wauguzi wasingethubutu.

Ghorofa ya saba, nje ya chumba cha mahututi, palikuwa na viti ishirini na watu wawili. Kwenye kiti kimoja aliketi mama wa mtoto, Ting Pei-yu, mwembamba, macho yamevimba. Ukutani alisimama mama mkwe wake, Bibi Tsai Chin-lien, miaka sitini na saba, anakula wali kwenye kiboksi.

"Vizazi sita kwa kina Ke," Bibi alikuwa akisema huku anatafuna, "hatujapata mtoto wa kulegea. Hata mmoja! Umekuja wewe, ndiyo haya. Mwanangu kule anavunja chaza mikono inatoka damu, na wewe umemzalia nini?"

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Damu ya kina Ting ndivyo ilivyo. Mbovu."

Hsiu-chuan alimtazama yule bibi. Hakuyatazama maneno, alimtazama anavyokula. Viti kumi na tisa vitupu, na mtu mzima anakula kwa kusimama, upesi upesi, mgongo ukutani, kiboksi karibu na kidevu. Mama yake Hsiu-chuan alikula hivyo mpaka siku anakufa. Alitolewa na wazazi wake akiwa na siku arobaini, akapelekwa kwa watu wengine akakue awe mke wa mtoto wao, maana ndivyo walivyofanya maskini wa kule kwa watoto wa kike. Mtoto wa kupewa hakai mezani. Anakula wima, amalize kabla hajatumwa.

"Bibi," akasema, "mimi ni wa kompyuta, wa huko chini. Nina swali moja. Ulizaliwa kwa nani?"

"Kwa kina Tsai. Swali gani hilo?"

"Ulizaliwa, au ulipelekwa?"

Vijiti vya kulia vikasimama hewani. "We mwanamke, una wazimu? Kaangalie daftari la serikali. Imeandikwa mtoto wa kuzaa."

"Walikuwa wanaandika hivyo ili mtu asije akamdai mtoto. Mama yangu naye aliandikwa hivyo."

"Mama yako ni mama yako! Pei-yu, mfukuze huyu mtu."

Pei-yu hakuinuka. Hsiu-chuan akachutama mbele ya yule mzee, magoti yakalia.

"Bibi, herufi za Lolo zinasema baba yake na mama yake ni watoto wa ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa wake una dawa. Dawa ipo kwenye jengo hili hili, ghorofa ya kwanza, inauzwa kama pipi. Yule mjinga wa juu hataitoa mpaka mtu wa familia aandike. Leo. Kesho sijui."

"Unasema uongo."

"Nitakuwa nasema uongo kwa faida gani?"

Bibi akatazama mlango wa chumba cha mahututi. Akatazama wali wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa na miaka sitini na saba ya kunyamaza. Tena kulikuwa na sheria: binamu hawaoani kule, ndoa yao si ndoa. Akisema, mwanawe hana mke. Akinyamaza, hana mjukuu. Na muda wote huo alikuwa amesimama hapo anamtukana mkwewe damu, damu ambayo ni yake mwenyewe! Unafiki wa kutosha kujaza pipa. Mimi ningemzaba kofi, lakini sikuwepo.

"Pei-yu," akasema hatimaye, sauti imekuwa ndogo. "Mama yako Yueh-o. Alikuwa dada yangu."

Pei-yu akainua uso.

"Alinitafuta. Nina miaka arobaini na kitu, nauza chaza sokoni, mwanamke anakuja anasimama mbele yangu, ana sura yangu. Akaanza kulia mbele za watu. Aliniambia, mimi niliwekwa, wewe ukatolewa. Kwa sababu yeye alitangulia, basi." Bibi akakoroga wali kwa vijiti. "Hatukuwa na namna ya kutembeleana. Watu wangeuliza, huyu ni nani kwako? Mume wangu hakujua. Aibu. Mlipokutana nyinyi watoto, tukasema, wakioana sisi ni wakwe. Wakwe wanatembeleana. Wakwe wanakaa meza moja kwenye sikukuu, hakuna atakayeuliza."

"Mama alijua," Pei-yu akasema.

"Alijua. Tulikaa meza moja mara tano, kisha akafa."

Pei-yu hakumlilia wala kumtukana. Alimnyang'anya kiboksi, akamkalisha kwenye kiti kwa mabega, akamwambia Hsiu-chuan, "Lete karatasi."

Muhuri uligongwa saa tisa alasiri. Saa tisa na nusu kile kimaji cha njano kilikuwa kinashuka kwenye mpira. Siku ya tisa Lolo alikunja vidole. Mwisho wa mwezi wa nane mashine ya kupumulia ikaondolewa, mwezi wa kumi alikuwa ananyanyua kikombe mwenyewe, anakunywa maziwa ya soya, anajimwagia nusu. Kuhusu ndoa, hakuna aliyekwenda kushtaki, na wewe usiende. Profesa Tseng alitoa mhadhara mrefu wenye picha, kichwa chake kikiwa hatari ya familia zinazomficha daktari ukweli. Alipigiwa makofi. Nilikwambia alistahili dharau, na ilibaki nyingine ya kutosha.

Lakini masikio hayakurudi. Madaktari walisema mwezi wa tatu au wa nne yangewahiwa.

Siku ya kuruhusiwa, Pei-yu aliteremka chini ya ardhi amemshika mwanawe mkono. Alikuwa amebeba mabalungi mawili makubwa ya shukrani, na nakala ya faili, kama wanavyopewa wazazi wote.

"Dada Liao, bila wewe mtoto huyu hayupo," akasema, akainama mara tatu.

"Acha, acha. Kaa."

"Sikai, gari linangoja. Nina jambo moja tu silielewi." Akafungua faili mahali alipoweka kidole. "Hapa, ukurasa wa kumi na nne. Yote yameandikwa. Undugu, dawa. Chini pana tarehe." Akaisoma polepole. "Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili. Wamekosea?"

Hsiu-chuan angeweza kusema wamekosea. Nimekwambia hakuwa mwongo.

"Hawakukosea."

"Mwezi wa tatu Lolo alikuwa anasikia. Gari la taka likipita linapiga muziki wake wa kuwaita watu, anakimbilia dirishani anacheza." Pei-yu alisema bila hasira, kama mtu anayehakikisha anwani. "Ulimwambia nani?"

"Niliandika."

"Naona umeandika. Ulimwambia nani?"

Alitaka kueleza. Kuhusu Profesa, kuhusu mfuko, kuhusu madebe kumi na saba na miaka kumi na minane. Yote yalikuwa kweli, na aliyajua kwa mpangilio. Yaliyotoka yalikuwa maneno mawili.

"Walinicheka, mwenzangu."

"Walikucheka," Pei-yu akarudia.

Mashine zilikuwa zinanguruma. Pei-yu akaweka mabalungi chini, akamshika Lolo mabega, akamgeuza, akamsogeza mpaka uso wa mtoto ukawa sawa na uso wa yule mwanamke aliyeketi.

"Mwambie yeye," akasema. "Sema polepole. Ndiyo kwanza anajifunza kusoma midomo."

Lolo akainua kichwa, akakaza macho kwenye mdomo wa Hsiu-chuan, akangoja.